Saratani ya Damu: Kupona Hakuishii Hospitalini

Mgonjwa wa saratani ya damu anaporejea Bukoba au Muleba baada ya matibabu katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, jamaa humpokea kwa shangwe. Ndizi hupikwa, majirani huja kumpa pole, na wengi husema, "Sasa umepona." Baada ya wiki chache kila mtu hurudia shughuli zake, naye hubaki na jambo asiloona wa kumweleza.

Jambo hilo ni hofu. Uvimbe mdogo shingoni waweza kumkosesha usingizi. Siku ya kliniki ikikaribia, hula kidogo na hujibu kwa ukali. Aidha, uchovu uletwao na ugonjwa na dawa huweza kudumu miezi mingi. Mtu aliyezoea kupalilia kibanja chake tangu alfajiri huonekana ameketi barazani saa nne asubuhi, akadhaniwa mvivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo pia ambao tiba yao ni ya miaka. Aina moja ya saratani ya damu, iendayo polepole, ilianza kutibiwa mwaka 2001 kwa vidonge vya imatinibu, vinavyomezwa kila siku. Mwenye kuvitumia huonekana mzima, naye hushawishika kuviacha. Kuviacha bila idhini ya daktari kwaweza kuurudisha ugonjwa.

Watoto nao wana mzigo wao. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza saratani ya tezi inayovimbisha taya za watoto. Leo wengi huweza kuponywa kwa dawa wakiwahishwa hospitali. Lakini mtoto arudipo darasani hukuta wenzake wamemtangulia, na pengine humkwepa. Walimu na wazazi hawana budi kuwaeleza watoto kwamba saratani haiambukizi.

Basi familia ifanye nini? Imwache mgonjwa aseme hofu yake bila kumkatiza. Impe kazi anayoimudu, kama kuchambua kahawa au kutunza hesabu za duka, kwani asiyepewa kazi yoyote hujiona amekwisha kuzikwa. Akipata homa, apelekwe hospitali mara moja. Tena, nauli ya kliniki iwekwe mapema. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kungoja kivuko, lakini Mwanza bado ni mbali. Siku hiyo ya safari, ndugu mmoja aende naye.