Sarafu isiyo na jina la mji

Wenzangu, chukueni noti ya franka: jina la Banki Kuu ya Kongo liko pale, na tarehe. Sasa sarafu za zamani za Kilwa, pwani ya Tanzania, zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, yenye vina na jina lile. Mji hakuna, mwaka hakuna. Basi wanajuaje zilitengenezwa wapi?

Wanahesabu zimeonekana wapi kwa wingi. Shaba ni pesa ya kununulia vitu vidogo sokoni, haisafiri sana kama dhahabu. Kilwa Kisiwani imejaa. Lakini moja-moja zinadanganya: mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano za Kilwa huko visiwa vya Wessel, Australia! Nani atasema zilitengenezwa kule?

Kazi ngumu ni Ali bin al-Hasan. Jina lake liko kwenye shaba ya Kilwa. Kumbe mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote ndogo za fedha, na jina lake limo. Dinari chache za dhahabu zilizokuwa pamoja nazo zinaonyesha karne ya 11. Jina moja, madini mawili. Mimi naona pengine pia miji miwili.