Sainasi Inayojirudia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Dozi Nyingine

Yapo maradhi yanayomrudisha mwananchi katika duka la dawa mara kwa mara kununua kitu kilekile, na sainasi ni mojawapo. Pua huziba, kamasi huwa nzito, uso huuma mtu anapoinama, naye hununua vidonge vya rangi mbili. Baada ya siku chache hupata nafuu. Miezi miwili baadaye hali hurejea, na dozi nyingine hununuliwa. Kila mara nafuu hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya dawa, ilhali aghalabu mwili ungejiponya wenyewe katika muda uleule. Kinachosahaulika ni swali la msingi: kwa nini tatizo linarudi?

Vyumba vya hewa ndani ya uso

Sainasi, kwa hakika, si jina la ugonjwa. Ni jina la vyumba vilivyojaa hewa ndani ya mifupa ya uso, na kila mtu anavyo. Viko jozi nne: katika paji la uso, katika mashavu, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Utando unaovifunika kwa ndani hutengeneza ute, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo hadi puani kupitia vitundu vyembamba. Chumba cha shavuni kina shida ya kimaumbile, kwa kuwa kitundu chake kiko juu, karibu na dari, badala ya kuwa sakafuni. Ute wake hauna budi kupandishwa kama maji ya kisima. Utando unapovimba kwa sababu ya mafua, mzio au moshi, kitundu huziba na ute hutuama humo. Hapo ndipo uzito na maumivu ya uso huanza.

Mara nyingi kinachoanzisha uvimbe huo ni virusi vya mafua. Kati ya watu mia moja wanaopata mafua, ni wawili hivi au pungufu ambao hali yao hugeuka kuwa maambukizi ya bakteria kwenye sainasi. Tofauti hii ni muhimu kwa mnunuzi, kwa kuwa antibiotiki hupambana na bakteria, wala haina athari yoyote kwa virusi.

Wengi huamini kwamba kamasi ya kijani au ya njano ni ushahidi wa bakteria. Sivyo. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi ya aina yoyote, yakiwemo mafua ya kawaida. Alama zinazomfanya mtaalamu ashuku bakteria ni nyingine: dalili zilizodumu siku 10 au zaidi bila kupungua, mgonjwa aliyeanza kupata nafuu kisha akazidiwa upya, au homa ya nyuzi 39 na kuendelea ikiambatana na kamasi yenye usaha na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Nje ya hali hizo, parasetamoli ya kutuliza maumivu, maji ya kunywa ya kutosha, mapumziko na usafishaji wa pua hutosha.

Gharama ya antibiotiki isiyohitajika haiishii kwenye fedha. Bakteria wanaoishi mwilini hujifunza kuihimili dawa, na siku ambayo dawa hiyo itahitajika kwa nimonia ya mtoto au kidonda cha upasuaji, huenda isifanye kazi. Mwaka 2019 pekee, takribani vifo milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Kwa hiyo usichague antibiotiki kwa rangi ya kidonge, usitumie masalio ya dozi ya jirani, na usimshinikize muuza dawa akupe "kitu chenye nguvu zaidi". Mtaalamu akiamua kwamba unaihitaji, itumie kama alivyoelekeza.

Matone yanayozibua na kuziba

Bidhaa ya pili inayoleta usumbufu ni matone au dawa za kupulizia zenye oksimetazolini au zailometazolini. Huzibua pua kwa dakika chache, na hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Hufanya hivyo kwa kubana mishipa ya damu ndani ya pua. Zikitumika kupita siku tatu hadi tano, mishipa huzoea, na dawa inapoisha nguvu pua huvimba kuliko mwanzo. Mtumiaji huweka matone tena ili apumue, na kwa njia hiyo kichupa kilichonunuliwa kwa ajili ya mafua ya wiki moja hukaa mfukoni miezi kadhaa. Watu wa namna hii hujiona wana sainasi sugu, kumbe pua yao imezibwa na dawa yenyewe. Aliyefikia hapo amwone daktari ili asaidiwe kuiacha. Kuna namna ya kufanya hivyo bila mateso makubwa. Watoto wadogo wasiwekewe matone haya bila maelekezo ya daktari. Mwenye shinikizo la juu la damu naye amweleze mfamasia hali yake kabla ya kununua vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini.

Dawa hizo zisichanganywe na dawa za kupulizia puani zenye steroidi, kama vile flutikasoni, mometasoni au beklometasoni. Hizi hazizibui pua papo hapo. Hutuliza uvimbe polepole, kwa siku na hata wiki kadhaa, na hufaa zaidi kwa mwenye mzio. Wengi huziacha siku ya tatu wakidai hazifanyi kazi, yaani wakati ambao ndipo zinaanza. Unapopulizia, elekeza ncha ya kichupa upande wa nje, kuelekea sikioni, na siyo kwenye ukuta unaogawanya pua, kwani hapo husababisha vidonda na kutoka damu.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi

Njia hii ni ya gharama ndogo, na kwa mtu ambaye tatizo humrudia inastahili kujaribiwa kabla ya nyingine nyingi. Hata hivyo, ina sharti moja lisilo na mjadala: maji yawe yamechemka. Maji ya bomba yaliyo salama kwa kunywa si lazima yawe salama puani. Tumboni kuna asidi inayoua vimelea vingi. Puani hakuna kinga kama hiyo. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aina ya Naegleria fowleri, ambaye hupenya kupitia puani hadi kwenye ubongo. Matukio ya aina hiyo ni nadra mno, lakini karibu kila anayeambukizwa hufa, ilhali kinga yake ni sufuria na jiko.

Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika moja kamili au zaidi, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Katika nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha baikaboneti ya soda, ile ya unga mweupe inayotumika kuokea keki. Isiwe bekingi poda, wala isiwe magadi ya mawe ya kulainishia maharage, ambayo yatauunguza utando wa pua. Inama juu ya karai, pumua kwa mdomo, ingiza maji taratibu katika tundu moja la pua na uyaache yatokee kwenye jingine. Mwaga yanayobaki. Chombo kioshwe na kukaushwa kila baada ya matumizi, wala kisitumiwe na watu wawili.

Kujifukiza kwa mvuke humpa mtu faraja ya muda, lakini ushahidi kwamba kunatibu sainasi ni hafifu, na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka imewaunguza wengi, hasa watoto. Na kuhusu unga wa kunusa unaonadiwa kwamba "hutoa uchafu wote" kwa siku moja: kamasi nyingi inayotiririka baada ya kuunusa ni pua inayojihami dhidi ya kitu kinachoiwasha. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi haifai kuingizwa puani.

Kutafuta chanzo

Atakayepatwa na sainasi mara nne au zaidi kwa mwaka, au ambaye dalili zimedumu wiki 12, hana sababu ya kuendelea kununua dawa kwa kubahatisha. Daktari wa masikio, pua na koo ataangalia mzio wa vumbi au mende, vinyama vilivyoota puani, ukuta wa pua uliopinda, na hali zinazopunguza kinga kama kisukari na VVU. Moshi wa sigara, kuni na mkaa nao ni chanzo. Kuhamishia jiko mahali penye hewa kunaweza kumsaidia mgonjwa kuliko kidonge. Usaha wenye harufu mbaya unaotoka upande mmoja tu huelekeza kwenye jino la juu lililooza, kwa kuwa mizizi ya magego iko karibu na chumba cha shavuni. Kwa mtoto mdogo, dalili hiyohiyo mara nyingi humaanisha punje ya harage au shanga iliyokwama.

Pia kuna wanaotibu sainasi wasiyokuwa nayo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, kati ya watu 2,991 walioamini wana maumivu ya kichwa ya sainasi, takribani asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Maumivu yanayopigapiga, yanayoambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, bila kamasi yenye usaha, yachunguzwe kwa mtazamo huo.

Jicho likivimba, ukiona vitu viwiliviwili, shingo ikikakamaa, au mgonjwa akichanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kwa miadi ya kawaida, andika tarehe ulizougua na chukua maboksi ya dawa zote ulizotumia, yakiwemo ya matone. Ukishauriwa kupiga eksirei ya kawaida ya uso, una haki ya kuuliza itabadilisha nini katika matibabu kabla ya kulipia: mara nyingi haitofautishi virusi na bakteria, na daktari anayehitaji kuona vyumba hivyo kwa undani hutumia kipimo cha CT.