Betri ya Helikopta ya Rimoti: Angalia Kazi Kwanza, Bei Baadaye



Wiki iliyopita vijana watatu wanaolima kahawa hapa Kalinzi walinifuata ofisini na helikopta yao ya rimoti. Walichangishana wakainunua, wakaifunga kamera ili wakague mashamba ya kwenye miteremko bila kupanda na kushuka kutwa nzima. Wazo zuri kabisa. Ila betri ilikuwa imevimba kama andazi!

Nikawauliza, mnaihifadhi wapi? "Stoo, bwana shamba, juu ya magunia." Yaani juu ya kahawa ya maganda ya msimu mzima, na pembeni kuna mifuko ya CAN. Kwa kweli nilishtuka. Betri hizi za lithiamu zikiharibika zinaweza kuwaka ghafla, na mbolea yenye nitreti huchochea moto. Mngelala na kahawa, mkaamka na majivu.

Walitaka niwashauri wanunue ipi nyingine. Jibu langu ni hili hapa, na wewe lichukue.

Japani, Yamaha walianza kutoa helikopta yao ya kupulizia dawa, R-50, mwaka 1987, na ilitumia injini ya petroli. Wewe ukiwa na ya umeme, betri ndiyo tenki lako la mafuta. Soma namba tatu kwenye lebo.

1. Namba ya S. Hii ni idadi ya seli. Kila seli ya LiPo ni volti 3.7, kwa hiyo 6S ni volti 22.2. Fuata kile mtengenezaji wa helikopta alichoandika. Usizidishe ili ipate nguvu, utaunguza mota.

2. mAh. Huu ndio ujazo. 5,000 mAh ni sawa na ampea 5 kwa saa moja. Helikopta ikivuta wastani wa ampea 30, na ukatumia asilimia 80 tu ya chaji (usiimalize yote), unapata dakika 8 hivi. Sasa usikimbilie 10,000 ukidhani utapata dakika 16. Betri kubwa ni nzito, na uzito nao unakula umeme. Tena sisi tuko milimani. Ziwani kule Kigoma ni kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, huku kwetu ni juu zaidi, hewa ni nyepesi, na mapanga yanafanya kazi ya ziada.

3. Namba ya C. Hii ni kasi ya kutoa umeme. 5,000 mAh yenye 20C inaweza kutoa ampea 100 (5 × 20). Ikiwa ndogo kuliko mahitaji ya mota, betri inapata moto na kuvimba. Vijana wetu walikosea hapo: walinunua ya bei rahisi yenye C ndogo.

Sasa tupige hesabu ya biashara. Tuseme betri moja ni Sh 140,000 na inadumu chaji 100: kila mruko ni Sh 1,400. Nyingine ni Sh 200,000 na inadumu chaji 200: kila mruko ni Sh 1,000. Rahisi ipi hapo?

Usisahau chaji. Betri hiyo ya 6S ukiichaji kwa ampea 5 inachukua kama saa moja na inahitaji zaidi ya wati 120. Kipaneli cha sola cha wati 50 hakitoshi. Pia saa nzima ya chaji kwa dakika 8 za kuruka maana yake ununue betri tatu au nne, uzichaji zote usiku uliotangulia ukiwa macho.

Kutunza ni hivi:

- Chaji nje ya stoo, juu ya matofali, ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Tumia chaja inayosawazisha seli.
- Kama hutairusha kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, isiwe imejaa wala tupu.
- Asubuhi ya baridi ipashe joto kidogo mfukoni kabla ya kurusha. Usiiweke karibu na moto.
- Ikivimba, basi tena. Usiichaji, usiitoboe, usiitupe jalalani. Itoe nje mbali na nyumba, kisha mrudishie muuzaji au fundi anayejua.

Na kabla ya kurusha popote, fuatilia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Wale vijana watatu waliitoa betri stoo siku hiyohiyo. Wewe je, yako imelala wapi leo? Nenda kaiangalie kabla jua halijazama.