Upepo ukizidi barabarani, anayeamua kusimama ni mzazi

Mabogini, Moshi. Ukiiacha Moshi mjini na kushuka Mabogini kuelekea TPC, ardhi inakuwa tambarare. Penye miwa mirefu gari linatulia. Miwa ikiisha na majaruba ya mpunga yakianza, upepo unalipiga gari ubavuni na dereva analazimika kukaza usukani. Kwa mtu mzima aliyekaa kiti cha mbele hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtoto aliyepakatwa kwenye bajaji, au aliyelala nyuma ya Noah yenye mizigo juu ya keria, ni hatari ambayo wazazi wengi hatuifikirii mpaka siku gari liyumbe.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Abiria walinung'unika, lakini walibaki nchi kavu. Barabarani mambo hayako hivyo. Hakuna anayempigia simu baba aliyewapakia wanawe kwenye gari la familia na kumwambia leo usiondoke. Uamuzi wa kuahirisha safari, kusimama njiani na kuchagua pa kusimama unabaki kwa mzazi.

Kilimanjaro tuko mbali na bahari, lakini upepo tunao. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba, wakati familia nyingi zinarudi nyumbani kwa Krismasi kupitia Segera, Same, Mwanga na Himo. Kusi hufuata katikati ya mwaka. Kuna pia ule upepo wa ghafla unaotangulia mvua ya radi, ambao hupeperusha vumbi na mabati kabla tone la kwanza halijaanguka.

Upepo wa kiasi gani ni mkali?

Huhitaji kipimo. Tazama miti. Matawi makubwa yakicheza na mwavuli ukawa haushikiki, upepo uko kati ya kilomita 40 na 50 kwa saa. Ukiona mti mzima unayumba na watu wanatembea wakiwa wameinama, umefika 50 hadi 60. Vijiti vikianza kukatika na gari kusukumwa nje ya mstari wake, umepita 60. Hapo familia haipaswi kuwa barabarani.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma gari inaongezeka mara nne. Ndiyo maana gari lililokuwa likiyumba kidogo tu linaweza kumshinda dereva ndani ya dakika chache.

Magari yanayoonewa zaidi ni yale marefu kwenda juu: Noah, Hiace, Coaster, magari ya watalii yenye paa la kufunguka, na yale yenye vitanda na jiko ndani ambayo wageni huyatumia kuzunguka mbuga zetu. Ubavu wake mpana unafanya kazi kama tanga. Ukipandisha magodoro na mikungu ya ndizi juu ya keria, unakuwa umeliongezea tanga na kuupeleka uzito juu. Vitu vizito vikae chini, ndani ya gari, na vifungwe visije vikamwangukia mtoto.

Ukiwa bado unaendesha

Punguza mwendo mapema, shika usukani kwa mikono miwili na acha nafasi kubwa kati yako na gari la mbele. Jihadhari unapopishana na basi au lori. Kwa sekunde chache linakukinga, halafu likipita upepo unakupiga tena ghafla. Hali ni hiyo hiyo unapotoka penye miwa, kwenye kona ya mlima au kwenye safu ya nyumba na kuingia uwanda wazi.

Kwenye bodaboda na bajaji usingoje. Mwambie dereva asimame, shukeni, ingieni kwenye jengo imara. Mama aliyembeba mtoto mgongoni akaze kanga au shuka, maana ncha inayopepea inaweza kunaswa na gurudumu la nyuma na kuwavuta wote wawili.

Simama wapi?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mtu akiona upepo umezidi, hukimbilia chini ya mti kwa sababu tumezoea mti kuwa kivuli na kinga. Lakini mara nyingi kinachoua siku ya upepo ni kile ulichokiangusha. Mikaratusi na migrivilea iliyopandwa kandokando ya barabara nyingi za huku inaweza kudondosha matawi mazito bila dalili. Kaa mbali na mti kwa umbali unaozidi urefu wake.

Epuka pia nguzo na nyaya za umeme, mabango makubwa, vibanda vya mabati na ukuta wa matofali ambao haujakamilika. Usisimame kwenye korongo au bondeni, kwa sababu mvua ikinyesha mlimani maji yanaweza kushuka hata kama mlipo ni pakavu. Mahali pazuri ni nyuma ya jengo imara kama kituo cha mafuta, shule, kanisa au msikiti, upande ambao upepo haufiki.

Kama hakuna jengo, toka kabisa barabarani, washa taa za tahadhari na elekeza pua ya gari upepo unakotoka. Gari linahimili upepo wa mbele kuliko wa ubavuni. Funga breki ya mkono. Kama gari lina paa la kufunguka, hema la juu au turubai la pembeni, vikunje vyote.

Kabla ya kushuka, waambie watoto wasiguse milango. Upepo ukiunyakua mlango unaweza kuuvunja bawaba au kuubamiza kwenye vidole vyao. Fungua mlango mmoja tu, wa upande usio na upepo, na mtu mzima aushike. Mtoto akibanwa kidole, weka kitambaa chenye maji baridi. Kikipinda au akishindwa kukikunja, mpeleke kituo cha afya.

Waya wa umeme ukiangukia gari, kaeni ndani, msiguse chuma na piga 114 kwa zimamoto au 112 kwa polisi. Atakayekuja kusaidia naye asisogee. Gari likishika moto ndipo mtoke, kwa kuruka miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha msogee mbali kwa hatua fupi za kuburuza miguu.

Mkilazimika kulala ndani ya gari

Hili hutokea. Mvua za Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Kilwa, magari yalikwama. Familia inayokwama usiku penye upepo wa baridi hufikiria joto kwanza, na hapo ndipo lilipo kosa linaloweza kuimaliza familia nzima: kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari na kufunga vioo.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kabonimonoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watoto wadogo, mjamzito na mtoto aliye tumboni huathirika haraka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Kama watu wawili au zaidi ndani ya gari wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, msidhani ni uchovu wa safari. Tokeni nje mara moja na mwende hospitali. Kwa walio Moshi, Mawenzi na KCMC ziko karibu.

Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani, na injini isiachwe inaunguruma usiku kucha gari likiwa limefungwa. Joto litoke kwenye mablanketi, soksi, kofia na kulala mkiwa mmebanana. Acha kioo cha upande usio na upepo wazi kidogo.

Vumbi na kifua cha mtoto

Upepo wa uwandani huja na vumbi. Mtoto mwenye pumu asiondoke nyumbani bila dawa yake ya kuvuta, na dawa hiyo ikae mkononi mwa mzazi, si ndani ya begi lililo kwenye keria. Funga vioo na matundu ya hewa ya nje wakati vumbi linapita. Mtoto akipumua kwa kukoroma kifuani, mbavu zikibonyea au akishindwa kuongea, hiyo ni dharura.

Vumbi likiingia jichoni asifikiche. Mwagia maji safi mengi, taratibu. Usitumie mate wala maziwa ya mama, kama wengine wanavyoshauri. Maumivu yakiendelea au asipoona vizuri, nenda kituo cha afya.

Kabla ya kuwasha gari

Jioni ya kabla ya safari, sikiliza utabiri wa TMA wa nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Kilimanjaro, Arusha na Manyara, na wa mikoa mtakayopita. Weka maji, tochi, mablanketi na dawa mahali panapofikika. Kubalianeni mapema ni wapi mtasimama hali ikibadilika, ili dereva asianze kubishana na familia wakati gari linayumba.

Wanaowasubiri huko mwendako wapewe taarifa kwamba mnaweza kuchelewa. Wazazi wengi hulazimisha safari kwa sababu kuna watu wamepika na wanasubiri. Upepo wa mbele ya mvua mara nyingi hupita ndani ya saa moja, na chakula kinaweza kupashwa moto.