Februari ya Songea: Ngoma Zinazochezwa Kando ya Kaburi la Mashujaa

RUHUWIKO, SONGEA – Msafiri anayefika Songea kwa ndege hushukia Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea ulipo uwanja wa ndege wa mji huo. Akifika katika wiki ya mwisho ya Februari atakuta mvua, mahindi yangali mabichi mashambani, na mji unaojiandaa kwa shughuli ambayo wageni wengi huiita tamasha, ilhali wazee wa hapa huiita kumbukizi. Majina yote mawili yanatumika, lakini hayana uzito mmoja. Anayetaka kuelewa yanayofanyika hapo hana budi kuanza na tofauti hiyo.

Kilele cha shughuli hiyo ni Februari 27, katika viwanja vya Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge, mjini Songea. Hapo ndipo lilipo kaburi la pamoja la viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na utawala wa Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Kwa hiyo tarehe hiyo haikuchaguliwa na kamati yoyote ya maandalizi. Iliwekwa na waliojenga kitanzi, na walioachwa hai hawakuwa na la kufanya isipokuwa kuikumbuka.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, mbali na Songea, ambako watu walilazimishwa kulima pamba na kulipa kodi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akigawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kumkinga mpiganaji dhidi ya risasi za Wajerumani. Yeye mwenyewe alinyongwa Agosti mwaka huo, vita vikiwa vichanga, lakini maji yalikwishavuka mito na mipaka ya makabila. Yalifika kwa Wangoni kabla mwaka haujaisha.

Wangoni hawakuwa wageni wa vita. Mababu zao walitoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya enzi za Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na baada ya kifo chake makundi kadhaa yakasambaa, mengine yakaishia katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma. Walipoingia katika Majimaji walikuwa na falme mbili: Mshope upande wa kaskazini, chini ya Nkosi Chabruma, na Njelu upande wa kusini, chini ya Nkosi Mputa Gama. Nkosi ndiye mfalme. Chini yake walikuwapo manduna, yaani viongozi wa vita na wa maeneo, na mmoja wa manduna wa Njelu aliitwa Songea Mbano. Mji umechukua jina lake, si la mfalme wake, jambo linaloonyesha jinsi nguvu zilivyokuwa zimegawanyika katika Ungoni ya wakati ule.

Mputa alinyongwa Februari 27 pamoja na wenzake. Chabruma alivuka mpaka kuingia Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Miongoni mwa walionyongwa anatajwa mwanamke mmoja, Mkomanile, aliyekuwa kiongozi katika eneo la Kitanda, ambalo leo liko Wilaya ya Namtumbo. Nduna Songea hakunyongwa siku hiyo. Simulizi za wenyeji zinaeleza kwamba Wajerumani walifikiria kumwacha hai, naye akakataa kubaki baada ya wenzake kuuawa, ndipo naye akanyongwa siku chache baadaye. Hesabu inayotajwa katika maadhimisho ni ya mashujaa 67. Wengi wao wamo katika kaburi la pamoja. Nduna Songea ana kaburi lake mwenyewe, na inaelezwa kwamba mwili uliozikwa humo hauna kichwa.

Idadi hiyo, hata hivyo, ni ya walionyongwa tu. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo 75,000 katika vita vyote, na wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hadi 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala na mashamba, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Februari katika Songea ni mwezi wa shamba. Chakula cha mwaka mzima huwa bado hakijavunwa, na anayepoteza shamba mwezi huo hana pa kukimbilia. Mgeni anayetoka Ruhuwiko kwenda Mahenge akiyaona mahindi ya kijani pembezoni mwa barabara, anaona pia kile kilichokuwa hatarini mwaka 1906.

Ni katika mazingira hayo ambapo ngoma huchezwa, na hapo ndipo wageni hupata taabu kuelewa. Asubuhi kuna sala za viongozi wa dini, mashada ya maua na silaha za jadi vikiwekwa kwenye mnara. Kisha vikundi vya ngoma huingia uwanjani, na watu hucheka, hupiga vigelegele na kutunza wachezaji. Kwa mtu aliyezoea kuona huzuni ikikaa kimya, mambo hayo mawili hayapatani. Kwa jamii iliyojengwa juu ya sifa za vita yanapatana kabisa. Ngao ya ngozi ya ng'ombe, mkuki na rungu vinavyoinuliwa katika mchezo ndizo silaha walizobeba waliolala kaburini hapo. Kumchezea shujaa ni kumtaja kwa kile alichokuwa nacho kabla ya kitanzi.

Ngoma inayojulikana zaidi ni lizombe ya Wangoni. Hupigwa kwa kasi, mwimbaji mmoja akiongoza na wenzake wakiitikia, wanaume kwa wanawake wakicheza pamoja. Umaarufu wake umevuka mipaka ya mkoa kiasi kwamba klabu ya soka ya Majimaji ya Songea hupewa jina la utani la Wanalizombe. Mashabiki wengi wa soka nchini wamelisikia neno hilo redioni miaka mingi kabla ya kuiona ngoma yenyewe.

Mganda una historia ya ajabu zaidi, na pengine ndiyo ngoma inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Huchezwa zaidi na Wanyasa na Wamatengo wa wilaya za Nyasa na Mbinga. Wachezaji hujipanga kwa safu, hupiga hatua kama askari katika gwaride, huvaa nadhifu, na hupuliza vyombo vya vibuyu vinavyoiga tarumbeta, huku ngoma kubwa ikishika mwendo. Asili yake inahusishwa na beni, mchezo ulioanzia miji ya pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, kisha ukasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vikundi vilijipa vyeo vya kikoloni, kama Kingi na Kapteni, na kuvigawa kwa wanachama wao. Wanawake wana kioda, ngoma inayofanana na mganda kwa nidhamu ya safu zake.

Hivyo basi, katika uwanja mmoja wa Mahenge, gwaride la jeshi lile lile la kikoloni hurudi likiwa limegeuzwa mchezo wa vijijini. Wapo wanaouliza kama hilo linafaa mbele ya kaburi la watu waliouawa na jeshi hilo. Swali hilo ni la haki, lakini linasahau kwamba waliounda mganda hawakuwa wakilisifu jeshi. Walichukua umbo lake, wakalitia nyimbo zao na mambo ya kijijini kwao, na leo hakuna mzee wa kando ya Ziwa Nyasa anayeiona ngoma hiyo kuwa ya mtu mwingine.

Songea ina pia sherehe ya aina nyingine, na ni vyema zisichanganywe. Tamasha la Majimaji Selebuka hufanyika baada ya mvua, likiwa na mbio za miguu, mashindano ya baiskeli, midahalo ya wanafunzi, maonesho ya wajasiriamali na ngoma za asili. Jina lenyewe, selebuka, ni neno la mitaani lenye maana ya kusherehekea, na halijifichi. Tamasha hilo hufuata kalenda ya kawaida ya vijijini, kwa kuwa ngoma nyingi za mkoa huu tangu zamani hushamiri baada ya mavuno, ghala likiwa limejaa na jembe limepumzika. Kumbukizi ya Februari huenda kinyume cha kalenda hiyo. Kikundi kinachotoka Mbinga au Namtumbo mwezi Februari huacha palizi nyumbani na husafiri katika mvua, na hiyo ni gharama ambayo mtazamaji haioni.

Mlinganisho na Zanzibar unasaidia. Visiwani, Februari pia ni mwezi wa tamasha: Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, huwakutanisha wanamuziki wa Afrika katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Linategemea wageni, tiketi na wafadhili, na mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna Mwaka Kogwa, ambao hufanyika Julai kila mwaka, watalii wawepo au wasiwepo, kwa sababu ni wajibu wa wenyeji kuukaribisha mwaka wao. Kumbukizi ya Songea iko karibu zaidi na Makunduchi kuliko Ngome Kongwe. Fedha zikipungua, jukwaa litakuwa dogo na vikundi vitakuwa vichache, lakini Februari 27 itafika na kaburi litatembelewa. Wanaoitazama shughuli hiyo kama fursa ya utalii wana hoja, kwa sababu nyumba za wageni, mama lishe na waendesha bodaboda wa Ruhuwiko na kata nyingine hupata wateja. Hoja hiyo inakuwa na kasoro pale tu inapotaka ratiba ya maombolezo isogezwe ili impendeze mgeni.

Mwaka 2023 uliongeza jambo ambalo halikuwahi kutokea. Novemba 1, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho ya Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kutafuta kichwa cha nduna huyo. Ahadi hiyo si rahisi kuitimiza. Mwaka huo huo taasisi ya urithi wa utamaduni ya mjini Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na kwa kulinganisha vinasaba ilipata ndugu walio hai wa mafuvu machache tu. Mafuvu mengi hayana jina. Yana namba, wakati mwingine na jina la mahali yalikochukuliwa, na kazi ya kumtambua mtu mmoja miongoni mwao huhitaji kumbukumbu za maandishi, vinasaba na familia inayojulikana.

Familia inayojulikana ipo Songea, na hilo ndilo linaloipa kumbukizi ya kila mwaka kazi isiyo ya burudani. Wazao wa walionyongwa hukutana, majina hutajwa hadharani, na vijana husikia ni nani alikuwa mtoto wa nani. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma tamthilia ya Kinjikitile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, hujifunza habari za Umatumbi. Hapa Mahenge huona ukurasa wa Ungoni ambao tamthilia hiyo haiusimulii.

Makumbusho ya Majimaji, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, hupokea wageni hata nje ya wiki ya kumbukizi, na kutoka Ruhuwiko ni mwendo mfupi kwa gari au bodaboda. Kwa kikundi cha ngoma kinachotaka kushiriki, pa kuanzia ni kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yake, mapema kabla ya palizi kuanza. Kaburi la Nduna Songea Mbano nalo liko mjini Songea, na wazao wake bado wanasubiri jibu kutoka Ujerumani.