Biashara ya taka Mwanza: chenye bei huokotwa, kisicho na bei hushuka na Mirongo

Nunua soda ya chupa ya kioo katika duka lolote la Mabatini na mwenye duka atakutaka uache hela ya chupa. Yeye naye aliacha hela ya kreti kwa muuzaji wa jumla, na wa jumla anadaiwa na kiwanda. Mnyororo huo wa dhamana ndogondogo unafanya kazi ambayo hakuna halmashauri inayoilipia: ni nadra kukuta chupa nzima ya soda au bia imetelekezwa kwenye mtaro wa Mwanza. Katika mtaro huohuo utakuta vifuko vyepesi vya plastiki, pampasi, maganda ya ndizi, majivu na mabaki ya jikoni. Mvua ikinyesha, vyote hushuka hadi Mto Mirongo, na Mirongo huvifikisha Ziwa Victoria.

Ndiyo maana biashara ya taka Mwanza ni masoko mawili ndani ya jiji moja. Katika soko la kwanza mtu hulipwa ili atoe taka yake, na soko hilo linajiendesha. Katika la pili mtu hulipa ili taka yake iondolewe. Hilo ndilo la halmashauri, na ndiko hesabu zinakogoma kufungwa.

Wateja wengi, mlima mkali

Sensa ya 2012 ilihesabu watu takribani 706,000 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.1. Karibu watu 400,000 wameongezeka katika miaka 10, nao wanahudumiwa na mamlaka mbili: Halmashauri ya Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyoanzishwa 2012.

Kwa mfanyabiashara wa huduma, ongezeko hilo lingekuwa neema. Tatizo ni mahali wateja wanapoishi. Mwanza imejengwa juu ya vilima vya mawe, na sehemu kubwa ya wakazi wapya wamejenga palepale kwenye miinuko ya Igogo, Mabatini, Isamilo na Kilimahewa, ambako gari halifiki na hata mkokoteni huishia njiani. Taka ya huko hushushwa begani au kichwani hadi kwenye ghuba la taka lililo kando ya barabara, kisha lori huizoa na kuipeleka dampo la Buhongwa, kusini mwa jiji kwenye barabara kuu ya Shinyanga.

Kazi ya kukusanya imegawanywa kwa kata, na wanaoifanya ni vikundi vya mitaa na kampuni binafsi zilizoshinda zabuni. Mzabuni hukusanya ada kwa kaya na maduka, hulipa vibarua na mafuta, na kinachobaki ndicho faida yake. Katika kata ya Pamba, yenye maduka, hoteli na ofisi, hesabu hiyo inalipa: wateja wako jirani, wanalipa kwa risiti, na lori linafika mlangoni. Juu ya Igogo, mlipaji ni mpangaji wa chumba kimoja anayeweza kuhama kabla ya mwisho wa mwezi, na kila gunia linahitaji miguu ya mtu. Ada ya kaya hailipi gharama ya kushuka mlima, na mwenye kaya analijua hilo: kama kibarua hakupita wiki hii, haoni kwa nini alipe wiki ijayo. Huduma hafifu huzaa malipo hafifu, na malipo hafifu huzidi kuidhoofisha huduma.

Mwanza imewahi kubeba tuzo ya usafi katika mashindano ya kitaifa kwa miaka kadhaa mfululizo, na barabara za katikati ya mji zilistahili sifa hiyo, kwa kuwa hufagiliwa mapema kabla maduka hayajafunguliwa. Hata hivyo, barabara kuu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kusafisha. Ukitaka kujua hali ya jiji zima, tazama madaraja ya Mirongo baada ya mvua ya kwanza ya msimu.

Soko linalojiendesha

Soko la pili linapochechemea, la kwanza limechangamka. Vijana huzunguka mitaa na viroba wakinunua na kuokota makopo ya plastiki, aluminiamu, betri kuukuu na vyuma chakavu. Kila eneo lina mnunuzi mwenye mizani. Makopo hupata shilingi mia kadhaa kwa kilo, chuma na aluminiamu zaidi ya hapo, na shaba ndiyo mfalme. Plastiki hubanwa na kusafirishwa, wakati chuma huishia kwenye tanuri na kurudi madukani kikiwa nondo. Wanaofanya biashara ya chuma chakavu wanatakiwa kuwa na kibali chini ya kanuni za taka hatarishi, zinazosimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais pamoja na baraza la mazingira, NEMC, ingawa muokotaji mwenye kiroba begani hujihesabu nje ya karatasi hizo.

Mfano mkubwa kuliko wote wa urejelezaji Mwanza haukubuniwa na mwanamazingira yeyote. Ulitoka kwenye viwanda vya samaki. Viwanda vya minofu ya sangara viliposhamiri miaka ya 1990, minofu ilikwenda Ulaya na kuacha vichwa na mifupa, yaani mapanki. Wafanyabiashara wakayanunua, wakayakausha na kuyakaanga, yakawa kitoweo cha wenye kipato cha chini. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki hayo kama ishara ya dhuluma, na Rais Jakaya Kikwete akaikosoa hadharani mwaka 2006. Mjadala huo wa kisiasa uliacha nje jambo la kibiashara: kila kiungo cha sangara kilikwisha kupata mnunuzi wake. Mafuta yana soko. Mifupa husagwa kuwa chakula cha mifugo. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambayo zamani yalitupwa, leo husafirishwa China na kilo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, bei ambayo mnofu wenyewe hauikaribii.

Hakuna sheria ndogo ya jiji iliyomwamuru mtu aache kutupa bondo. Bei ndiyo iliyomwamuru.

Sheria inapogeuza bei

Serikali nayo inaweza kugusa bei, na mfano uko karibu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ikifuata Zanzibar iliyotangulia 2006 na Kenya ya 2017. Adhabu zilipangwa kwa ngazi: anayekutwa na mfuko, faini kuanzia shilingi 30,000; kiwanda au mwagizaji, hadi shilingi bilioni moja. Mifuko myepesi ya rangi iliyokuwa ikitolewa bure ilitoweka sokoni kwa kasi, ikaja mifuko mbadala ambayo mteja huinunua, na kwa sababu ameinunua huibeba tena kesho. Wapo waliopata kipato kwa kushona na kuuza mifuko hiyo.

Mwanya ulibaki kwenye vifungashio. Vifuko laini vinavyoruhusiwa kufungia bidhaa viligeuzwa kubebea karanga, dagaa, mboga na juisi, hadi serikali ikalazimika kukumbusha mara kwa mara kwamba kifungashio hakiruhusiwi kutumika kama mfuko. Kifuko hicho ni chepesi mno kiasi kwamba muokotaji hawezi kupata kilo moja bila kuinama mara mia kadhaa, kwa hiyo hakiokoti. Kinangoja mvua.

Bili inayotumwa kwa mwingine

Taka isiyozolewa ina gharama, ila gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya aliyeshindwa kuizoa. Mwanza hunywa maji ya Ziwa Victoria. Chanzo cha Capripoint kina uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na chanzo kipya cha Butimba kimeongeza lita milioni 48. Ghuba ya Mwanza inayopokea Mirongo ndiyo hiyohiyo vyanzo hivyo vinamochota. Maji ghafi yakizidi uchafu, mtambo hutumia dawa zaidi na vichujio husafishwa mara nyingi zaidi, na bili hiyo hubebwa na mamlaka ya maji, MWAUWASA, kisha mteja wa maji. Halmashauri iliyoacha ghuba la taka lifurike haitumiwi ankara yoyote.

Wavuvi na wenye viwanda wako katika hesabu hiyohiyo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliopima sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, na plastiki ilithibitishwa kwenye matumbo ya asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Mnunuzi wa Ulaya hajafunga mlango kwa sababu hiyo. Lakini Mwanza inakumbuka miaka ya 1997 hadi 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti, kwa hofu ya vimelea, kipindupindu na sumu. Viwanda vilisimama, na nidhamu ya maabara na usafi wa mialo iliyofuata ililipiwa kwa gharama kubwa. Usafi wa ziwa ni sehemu ya sifa ya bidhaa, na sifa ikipotea hurudi polepole.

Kwenye majitaka, somo kwamba uchafu wa mlimani ni gharama ya jiji zima limeanza kueleweka. MWAUWASA imejenga mfumo rahisi wa majitaka milimani, mabomba membamba yanayopita kati ya mawe na nyumba mahali ambapo mfumo wa kawaida usingepita. Mradi huo ulikubali ukweli kwamba kaya ya mlimani haiwezi kulipia miundombinu peke yake, ukatumia fedha za umma na wafadhili kwa sababu anayenufaika ni jiji zima. Taka ngumu ya kilima hichohicho bado inasubiri kutazamwa kwa jicho hilo.

Buhongwa na onyo la Kampala

Mwanza ilikuwa mojawapo ya miji iliyonufaika na mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010, uliojenga barabara, mifereji na madampo ya kisasa. Dampo lililojengwa vizuri ni rasilimali ghali, na uhai wake hupimwa kwa nafasi: kila tani inayoingia inaufupisha. Jirani zetu wa ziwa hilihili wameonyesha mwisho mbaya wa hesabu hiyo. Tarehe 10 Agosti 2024, lundo la taka za Kampala huko Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30.

Zaidi ya nusu ya taka ya miji yetu ni mabaki ya chakula na mazao. Ni mzigo wa maji unaobebwa kwa dizeli hadi Buhongwa ili ukaoze huko. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masoko. Mwanza ina masoko makubwa ya kutosha kujaribu, na ina undugu wa siku nyingi na Würzburg ya Ujerumani na Tampere ya Finland. Sharti ni moja: taka ya soko ikusanywe peke yake, kabla haijachanganyika na betri na plastiki. Mboji yenye vipande vya chupa haina mkulima.

Nani alipe, na kwa kipimo gani

Wapo wanaopendekeza ada ya taka ikatwe kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kama kodi ya majengo inavyokatwa tangu 2021, ambayo ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kufika 1,500 mwaka 2023. Ukusanyaji ungekuwa mwepesi. Lakini nyumba moja ya Mabatini inaweza kuwa na wapangaji sita kwenye mita moja, na fedha ikikatwa kabla ya huduma, mwananchi anapoteza silaha yake pekee, yaani kugoma kulipa kibarua asipopita. LUKU itaongeza mapato bila kuongeza hata safari moja ya kushuka mlima, isipokuwa mkataba wa mzabuni nao ubadilike.

Mabadiliko ya kwanza ni ya zabuni yenyewe. Kata ya Pamba isiuzwe peke yake. Ifungwe pamoja na Igogo au Mabatini katika mkataba mmoja, ili faida ya tambarare ibebe hasara ya mlima. La pili ni mizani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mzabuni asiyepimwa hulipwa kwa maneno. Lakini kumlipa kwa tani pekee ni mtego, kwa kuwa atajaza mchanga wa barabarani na kuyaacha magunia ya mlimani. Tani ya mlimani iwe na bei yake, juu kuliko ya tambarare, na ihesabiwe pale inapofika ghuba, mbele ya mtendaji wa mtaa. Vikundi vya vijana na wanawake vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, vingekuwa na mteja wa uhakika wa kuvilipa, badala ya kupewa guta na kuachwa vibishane na kila mlango.

Fedha ya nyongeza inayohitajika itoke kwa wanaonufaika: bajeti ya halmashauri, viwanda vinavyofungasha bidhaa kwenye plastiki, na sehemu ndogo ya bili ya maji ikiwa mdhibiti wa huduma za maji, EWURA, ataridhia. Mtumiaji wa maji analipia Mirongo tayari, kwa dawa za kusafishia. Nafuu kwake ni kulipia gunia likiwa bado Igogo, linaposhuka kwa miguu ya kibarua, kuliko kulipia vilivyokuwa ndani yake vikishafika Capripoint.