Faili lako la meno liko wapi?

Nikiwauliza maiti iliyoungua hadi haina sura inatambuliwaje, najua wengi mtanijibu fasta: vinasaba! Sawa, hamjakosea. Lakini kuna njia ya zamani zaidi, na mara nyingi ya haraka zaidi, nayo ni meno. Interpol, yaani polisi wa kimataifa, wanaihesabu kati ya njia tatu kuu, pamoja na alama za vidole na hivyo vinasaba.

Sababu? Tabaka la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ngozi inaungua, vidole vinaharibika majini, jino linabaki. Halafu huyu gego lake limezibwa, yule kang'olewa mawili, mwingine mizizi imepinda...

Ila jino peke yake halisemi jina la mtu! Lazima lilinganishwe na kile daktari alichoandika mtu akiwa hai. Daktari makini ana chati ya meno yote 32, kila moja na namba yake. Chukua namba 36: hiyo 3 ni taya la chini upande wa kushoto, 6 ni jino la sita ukihesabu kutoka katikati. Akiandika 36 limezibwa, akaweka tarehe na picha ya eksirei, hapo kuna ushahidi.

Haya mambo si ya jana. Mei 4, 1897 moto uliteketeza soko la hisani mjini Paris, wakafa watu zaidi ya 120. Mmoja alikuwa mdogo wake malkia wa Austria, na aliyemtambua ni daktari wake wa meno. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipoua watu zaidi ya 5,000 kule Thailand, watalii wengi walitambuliwa kwa mafaili ya meno yaliyotumwa kutoka makwao. Wenyeji wa pale? Wengi hawakuwa na faili la maana, kwa hiyo njia hiyo haikuwasaidia sana.

Hapo ndipo nilipotufikiria sisi. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililipuka Morogoro, wakafa watu zaidi ya 100, na kwa miili isiyotambulika ikabidi zichukuliwe sampuli za vinasaba. Maana faili la meno ungelipata wapi? Wengi wetu daktari wa meno tunamjua siku ya kung'oa tu. Anakuandikia mstari mmoja kwenye daftari ulilonunua nje ya geti, unarudi nalo nyumbani, wiki ijayo mdogo wako kalichana anafanyia hesabu.

Na usidhani ni habari za maiti tu. Umeng'olewa jino zima, bovu limebaki, unataka kwenda mahakamani: utathibitisha vipi bila maandishi? Faili hilohilo ndilo linalomwokoa daktari anayesingiziwa.

Lakini msichanganye na alama za kung'ata. Hizo ni kitu kingine, na mimi siziamini. Kule Arizona, Marekani, Ray Krone alihukumiwa kifo mwaka 1992 kwa madai kwamba meno yake yanalingana na alama kwenye mwili wa marehemu. Vinasaba vikaonyesha siye, akatoka 2002. Miaka kumi ndani, jamani!

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako kwa anayezishika, hospitali ikiwemo. Kwa hiyo ukienda kuziba, mwambie daktari aandike namba ya jino na tarehe. Eksirei ipige picha kwa simu, jitumie kwenye barua pepe yako, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ulitibiwa wapi.